Mwongozo Kamili: Kupitia Upya Bima ya Medicare ya Mzazi Wako Kabla ya 7 Desemba

Kila Januari simu ni zile zile. "Tumekwenda kuchukua dawa ya mama leo, tumeambiwa tulipe mara nne ya mwaka jana." Au: "Daktari wa moyo wa mzee hapokei tena kadi yetu." Nikiuliza barua ya Septemba, ile ya mabadiliko kutoka kwa mpango wa bima, ilisemaje, naambiwa ilifika, ikawekwa pamoja na barua nyingine, na bima ikajiendeleza yenyewe hadi mwaka mpya.

Mwongozo huu ni wa mtoto, mkwe au mjukuu anayemsaidia mzee anayeishi Marekani na ambaye tayari ana Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi na baadhi ya wenye ulemavu. Ukienda hatua kwa hatua, kazi yote ni jioni mbili na simu tatu au nne za mchana.

Jambo moja kabla hujaanza: tangulia na chupa za dawa na majina ya madaktari wa mzee. Ada ya mwezi ije baadaye. Karibu kila kosa ninaloombwa kulisaidia limetokana na mtu kuanza na ada.

Viwango vya fedha nilivyotaja ni vya mwaka 2026. Hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hakikisha vya mwaka unaochagulia.

## Tarehe za kuandika kwenye kalenda

30 Septemba. Kufikia siku hii mzee awe amepata barua ya mabadiliko kutoka kwa mpango wake.

1 Oktoba. Mipango ya mwaka ujao inaanza kuonekana Medicare.gov. Unaweza kulinganisha, lakini huwezi kujiandikisha bado.

15 Oktoba hadi 7 Desemba. Dirisha la usajili liko wazi. Mnaweza kubadili zaidi ya mara moja. Chaguo la mwisho ndilo linalohesabiwa, nalo linaanza kazi 1 Januari.

1 Januari hadi 31 Machi. Hili ni dirisha dogo, la walio ndani ya Medicare Advantage pekee, yaani mipango ya kampuni binafsi (tazama Hatua ya 1). Wanaruhusiwa kubadili mara moja tu. Mwenye mpango wa dawa peke yake haliwezi kumsaidia.

## Vitu vya kuandaa mezani

- Kadi ya Medicare yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Namba yake ina herufi na tarakimu 11.
- Kadi nyingine zote za bima alizonazo mzee, pamoja na ya Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) kama anayo.
- Barua ya Septemba, ile yenye maneno Annual Notice of Change juu yake.
- Chupa zote za dawa, dawa za kuvuta, matone ya macho na insulini. Usitegemee orodha, leta chupa zenyewe.
- Majina ya madaktari, kliniki na hospitali anazotumia, na namba zao za simu.
- Jina la duka la dawa analokwenda, na mengine mawili yaliyo karibu.
- Daftari na kalamu.
- Mzee mwenyewe.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Bima ni yake, na uamuzi ni wake akiwa na akili timamu. Isitoshe, ukipiga simu 1-800-633-4227, ambayo ndiyo simu ya Medicare, hawatakupa taarifa zake mpaka yeye aseme anakuruhusu, au awe amejaza fomu CMS-10106 inayokuidhinisha. Jazeni fomu hiyo mapema, siku ambayo hakuna haraka. Simu hiyo ina huduma ya wakalimani bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili ili mzee ajisemee mwenyewe.

## Hatua ya 1: Jua mzee yuko upande gani

Kuna pande mbili.

Upande wa kwanza ni Medicare ya Asili: Sehemu A ya hospitali na Sehemu B ya madaktari, zinazolipwa na serikali moja kwa moja. Mzee hubeba kadi ya rangi tatu, mara nyingi na kadi ya pili ya dawa, yaani Sehemu D. Wengine huongeza bima ya kujazia pengo iitwayo Medigap.

Upande wa pili ni Medicare Advantage, yaani Sehemu C. Hapo kampuni binafsi inabeba A na B, na mara nyingi D pia, kwa kadi moja. Ina mtandao wake wa madaktari na masharti yake ya kuomba idhini kabla ya huduma fulani.

Kwa nini tuanzie hapa? Kwa sababu lipo kosa linaloondoa watu kwenye bima bila wao kujua. Mzee aliye kwenye Medicare Advantage ya kawaida, ya HMO au PPO (aina mbili za mipango yenye mtandao wa madaktari), akijiandikisha mpango wa dawa unaojitegemea, anaondolewa kwenye Advantage bila kuulizwa na kurudishwa Medicare ya Asili. Alidhani anaongeza, kumbe anabadilisha.

Onyo: Kama mzee ana bima ya wastaafu kutoka kwa mwajiri wake wa zamani au wa mwenzi wake, usiguse chochote kabla ya kuzungumza na ofisi inayosimamia mafao hayo. Kujiandikisha kwingine kunaweza kumfutia bima hiyo, pengine pamoja na ya mwenzi wake, na huenda wasiirudishe.

Hatua imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Mama yuko Medicare ya Asili, ana Sehemu D ya kampuni fulani, hana Medigap."

## Hatua ya 2: Soma barua ya Septemba ukiwa na kalamu

Barua ni ndefu, lakini ina jedwali linaloweka mwaka huu na mwaka ujao ubavu kwa ubavu. Nenda moja kwa moja huko. Zungushia kila mstari ambao namba mbili hazilingani.

Angalia ada ya mwezi, kiasi cha mwanzo ambacho mzee hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, mchango wake kila anapomwona daktari bingwa, na kikomo cha juu cha mwaka. Kisha tafuta sehemu inayozungumzia dawa na maduka ya dawa.

Kwa dawa, mabadiliko hujificha kwa namna tatu. Dawa inaweza kuondolewa kwenye orodha ya dawa ambazo mpango hulipia. Inaweza kubaki lakini ikapandishwa daraja, na daraja la juu ni mchango mkubwa. Au inaweza kubaki pale pale ila ikawekewa sharti la idhini. Hii ya tatu ndiyo inayowashtua watu Januari, maana bei haijabadilika lakini mfamasia hawezi kutoa dawa mpaka daktari ajaze fomu.

Kama barua haijafika wiki ya kwanza ya Oktoba, piga namba iliyo nyuma ya kadi uombe nyingine.

## Hatua ya 3: Andika dawa kutoka kwenye chupa

Mwaga mfuko wote mezani. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na mama yangu, tulikuta chupa mbili za presha zenye majina tofauti. Moja daktari alikuwa ameisimamisha miezi mitano nyuma, lakini duka la dawa liliendelea kuituma nyumbani na mama aliendelea kuilipia. Tuliiweka kando, na kesho yake tukapiga simu kliniki kuthibitisha.

Kwa kila dawa andika jina kamili, miligramu, idadi anayopewa kwa mwezi, na kama ni kidonge, kapsuli au ya kuvuta. Nakili neno kwa neno kutoka kwenye lebo. Chukua metoprolol: kuna metoprolol tartrate na metoprolol succinate. Ya kwanza kwa kawaida humezwa mara mbili kwa siku, ya pili mara moja kwa sababu huachia dawa polepole. Ukichagua moja badala ya nyingine kwenye tovuti, hesabu yote ya mwaka inapotoka, na hutajua mpaka Januari.

Onyo: Usimwachishe mzee dawa kwa sababu umeona imepanda bei. Muulize daktari kama kuna inayofanana nayo kwenye orodha ya mpango. Huyo ndiye mwenye kauli.

Hatua hii imefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kuchukua karatasi yako na kuagiza dawa zote bila kuuliza swali.

## Hatua ya 4: Linganisha kwa gharama ya mwaka mzima

Ingia Medicare.gov, kwenye sehemu ya kutafuta mipango. Weka msimbo wa posta wa mzee, weka dawa zote kama ulivyoandika, kisha chagua maduka ya dawa. Unaweza kufanya haya bila kufungua akaunti, ila ukiwa na akaunti ya mzee orodha inabaki kwa mwaka ujao.

Panga matokeo kwa gharama ya ada pamoja na dawa. Usiyapange kwa ada peke yake. Mfano huu uonyeshe kwa nini:

Mpango wa kwanza hauna ada, lakini michango ya dawa za mzee inafika dola 95 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 1,140. Mpango wa pili una ada ya dola 38, na michango ni dola 22, jumla dola 60 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 720. Ule "wa bure" umezidi kwa dola 420.

Badilisha duka la dawa uone kinachotokea. Kila mpango una maduka unaoyapendelea, na dawa ile ile, kwa mpango ule ule, inaweza kuwa na bei nyingine ukivuka barabara tu.

Kwa mwaka 2026 kuna kinga mbili za kukumbuka. Mchango wa insulini iliyo kwenye orodha ya mpango hauzidi dola 35 kwa mwezi. Na mzee akishatoa dola 2,100 mfukoni kwa dawa za Sehemu D, halipi tena hadi mwaka uishe. Lakini kikomo hicho kinahesabu dawa zilizo kwenye orodha ya mpango tu, na ada ya mwezi haihesabiwi. Dawa isiyo kwenye orodha haina kinga yoyote. Ndiyo maana orodha inatangulia.

Kama Januari itakuwa nzito kwa sababu kiasi cha mwanzo kinaanza upya, mzee anaweza kuomba mpango wake ugawanye malipo ya dawa kwa miezi. Haimpunguzii deni, ila inamwondolea mzigo wa mara moja.

Baki na mipango mitatu, pamoja na ule alionao sasa. Andika namba ya kila mmoja, ile inayoanza na H, R au S. Majina ya mipango hufanana mno, namba haifanani.

## Hatua ya 5: Piga simu kliniki, usiamini orodha ya mtandaoni

Hatua hii ni ya wanaofikiria Medicare Advantage. Kama mzee yuko Medicare ya Asili na anabaki huko, uliza tu kama daktari bado anapokea Medicare, kisha songa mbele.

Mwaka mmoja nilimhamishia mama kwenye mpango usio na ada kwa sababu ulikuwa na meno na miwani. Orodha ya mtandaoni ilionyesha daktari wake wa macho, na mama ana presha ya macho isiyotaka mchezo. Februari tukafika kliniki. Dada wa mapokezi akaigeuza kadi mara mbili, akaangalia kompyuta, akasema kwa upole: "Daktari anapokea kampuni hii, mama, lakini hapokei mpango huu." Tulirudi nyumbani bila kipimo. Bahati dirisha dogo la hadi 31 Machi lilikuwa wazi, tukatoka. Ila kipimo kilichelewa wiki kadhaa, na kosa lilikuwa langu, maana nilisoma jina la kampuni nikaishia hapo.

Kwa hiyo uliza hivi, ukiwa na namba ya mpango mkononi: "Mwaka ujao, daktari huyu atakuwa ndani ya mtandao wa mpango wenye namba hii?" Kisha: "Na hospitali anayolaza wagonjwa wake je?" Andika tarehe, saa, na jina la aliyekujibu.

Piga kwanza kwa daktari ambaye mzee hawezi kumkosa. Akisema hapana, mpango huo umeshatoka mezani, na umejiokolea simu nyingine.

Ukivutiwa na meno, masikio au macho, uliza mambo mawili tu: kikomo cha mwaka ni dola ngapi, na daktari gani wa meno wa karibu anapokea. Faida isiyo na daktari wa kuitoa haimsaidii mzee.

## Hatua ya 6: Pima mwaka mbaya

Mpaka hapa umepima mwaka wa kawaida. Sasa jiulize: mzee akivunjika nyonga, au akipatikana na saratani, familia italipa kiasi gani?

Medicare ya Asili, baada ya kiasi cha mwanzo cha Sehemu B ambacho kwa 2026 ni dola 283, humwachia mzee asilimia 20 ya gharama za madaktari na matibabu ya nje, na haina kikomo cha juu. Kazi ya Medigap ni kuziba pengo hilo. Medicare Advantage inacho kikomo. Kwa 2026 mpango hauruhusiwi kupitisha dola 9,250 ndani ya mtandao kwa huduma za A na B. Mingi huweka kidogo zaidi. Andika kikomo hicho kando ya kila mpango wako.

Onyo, na hili ndilo zito kuliko yote humu: Mzee akiwa na Medigap, usimshauri aiache kwa urahisi. Dirisha la Oktoba haliihusu Medigap. Haki ya kuinunua bila kuulizwa hali ya afya hudumu miezi 6, kuanzia mtu anapokuwa na miaka 65 na Sehemu B. Ikipita, katika majimbo mengi kampuni inaweza kumkataa au kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa, isipokuwa katika mazingira maalumu. Mojawapo ni jaribio la mwaka mmoja: aliyeacha Medigap kuingia Advantage kwa mara ya kwanza anaweza kurudi ndani ya miezi 12. Mwenye miaka 78 na kisukari akipitwa na hapo, huenda hatarudi tena.

## Hatua ya 7: Kama mzee husafiri kwenda nyumbani

Miongozo ya Kiingereza huliruka hili, lakini kwa wazee wetu ndilo linaloumiza. Wengi hutoka baridi inapoanza, hukaa kwa ndugu miezi kadhaa, hurudi majira ya joto.

Medicare ya Asili kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, na Sehemu D hailipi dawa zilizonunuliwa huko. Aina za Medigap C, D, F, G, M na N hulipa dharura za ughaibuni: asilimia 80 baada ya dola 250 za mwanzo, dharura ikitokea ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na kwa kikomo cha dola 50,000 kwa maisha yote. Baadhi ya mipango ya Advantage hulipa dharura za nje. Soma kiwango chake kwa maandishi, usichukue neno la simu.

Tena, aliye kwenye Advantage akikaa nje ya eneo la mpango wake zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa kawaida huondolewa. Kama safari ni ndefu, hesabu siku kabla ya kukata tiketi, na umuulize mfamasia jinsi ya kupata dawa za kutosha kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 8: Omba msaada wa kulipia

Kipato cha mzee kikiwa kidogo, kuna mambo mawili ya kuomba. Extra Help hupunguza gharama za dawa, na huombwa Social Security. Mipango ya jimbo ya kusaidia Medicare inaweza kulipa ada ya Sehemu B, ambayo kwa wengi ni dola 202.90 kwa mwezi mwaka 2026. Anayekubaliwa kwenye mpango huo wa jimbo hupata Extra Help bila kuomba upya.

Wazee wengi huona aibu kuomba. Mwambie mama au baba kwamba haki hii imewekwa kisheria kwa ajili ya watu kama yeye, kisha kaa naye mjaze fomu. Wakikataliwa, hamjapoteza kitu.

## Hatua ya 9: Pata jicho la pili, kisha jiandikishe

Kila jimbo lina washauri wa bima za wazee wasiouza chochote, na huduma yao ni bure. Kitaifa wanaitwa SHIP. California jina lao ni HICAP, Florida ni SHINE. Weka miadi mapema Oktoba, maana Novemba hujaa. Nenda na karatasi yako ya dawa na mipango yako mitatu.

Wakala anaweza kuwa mwema, lakini hulipwa na kampuni na huenda hauzi mipango yote. Yeyote anayepiga simu bila kuitwa, akasema anatoka Medicare na kuomba namba ya kadi, mkatie simu. Mfundishe mzee afanye vivyo hivyo, hata kama sauti inamwita "mama" kwa heshima.

Mkishaamua, jiandikisheni kupitia Medicare.gov au simu ya Medicare. Usifute mpango wa zamani wa Advantage au wa dawa kwanza. Usajili mpya huufuta wenyewe. Medigap ndiyo haijifuti, hiyo huandikiwa kampuni. Nakili namba ya uthibitisho. Msisubiri 7 Desemba jioni.

Na kama mpango wa sasa ndio bora? Usifanye kitu, utaendelea wenyewe, mradi barua haikusema unafungwa. Tofauti ni kwamba sasa mmebaki kwa kuchagua.

## Hatua ya 10: Hakikisha Januari

Kabla ya mwaka kuisha mzee apate kadi mpya au barua ya kumkaribisha. Isipofika kufikia Krismasi, pigia mpango. Wiki ya kwanza ya Januari, nendeni duka la dawa na kadi mpya mchukue dawa moja tu, ile ya bei kubwa. Linganisha risiti na ulichoandika hatua ya 4.

Mfamasia akisema dawa inahitaji idhini au haimo kwenye orodha, msiondoke mikono mitupu. Mtu aliyeingia mpango mpya wa Sehemu D ana haki, ndani ya siku 90 za kwanza, ya kupewa dawa aliyokuwa akitumia, angalau ya mwezi mmoja, wakati daktari anashughulikia karatasi. Mwambie mfamasia kwamba unaomba dawa ya kipindi cha mpito. Kama kompyuta bado inakataa, pigeni namba ya nyuma ya kadi mkiwa hapo hapo kaunta, na siku hiyo hiyo mpigieni daktari aanze kuomba idhini, kwa sababu huo mwezi mmoja huisha upesi.